Mtambo au Kiumbe? Lugha, Sayansi na Uhai Katika Mitaa ya Kawangware na Kibera

Sisi wanafunzi wa isimu na fasihi tumezoea kuiona falsafa ya sayansi kuwa taaluma ya wenzetu wa vitivo vingine. Hata hivyo, mojawapo ya maswali makongwe ya falsafa hiyo, yaani tofauti iliyopo baina ya kitu kilichoundwa na kitu kinachoishi, limo ndani ya sarufi tunayoifundisha kila siku. Tunapomweleza mwanafunzi kwamba mbuzi yumo katika ngeli ya A-WA ilhali gari limo katika ngeli ya LI-YA, tumekwisha kuingia katika mjadala huo, tutake tusitake.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kukiita kitu mtambo au kiumbe ni zaidi ya kukipa jina. Ni kuamua mapema ni maswali gani yatakayoulizwa kitu hicho kitakapokwama, na ni nani atakayeitwa kuja kukitazama. Mifano yangu nimeitoa katika mitaa miwili ya Nairobi, Kawangware na Kibera, kwa sababu huko swali hili halikai vitabuni. Limo katika kibanda cha fundi wa simu, katika karai la mandazi na, msomaji aniwie radhi, chooni.

Simu iliyokufa na mgonjwa aliyepona

Apitaye kando ya Barabara ya Naivasha huko Kawangware hukuta vibanda vya mafundi wa simu, redio na pikipiki vimesongamana. Yafaa atege sikio. Simu imekufa. Betri nayo, kwa Sheng, imededi. Injini inakula oili kuliko kawaida. Fundi huombwa aifufue simu, na mwenyewe anapoirudia jioni na kuikuta inawaka, husema imefufuka. Katika zahanati ya mtaa huohuo lugha hugeuka. Mgonjwa huelezwa kwamba moyo ni pampu na figo ni chujio, na mzee mwenye maumivu ya magoti hutania kuwa spea zake zimechakaa na hazipatikani tena madukani. Mitambo huazima maneno ya uhai, na miili nayo huazima maneno ya mitambo.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema kwamba hizi ni sitiari tu. Ni kweli, ila hilo neno "tu" ndilo linalotupotosha. Sitiari ya pampu ilifanya kazi kubwa katika historia ya tiba. Mwaka 1628, tabibu wa Uingereza, William Harvey, alichapisha hoja yake kwamba damu huzunguka mwilini. Miongoni mwa vithibitisho vyake ilikuwamo hesabu rahisi: alikadiria kiasi cha damu inayosukumwa na moyo kwa kila pigo, akaona kwamba kwa muda mfupi tu jumla yake ingeizidi damu yote iliyomo mwilini, hivyo haina budi iwe ni ileile inayorudi. Hesabu ya aina hiyo humjia mtu aliyekubali kuutazama moyo kama kifaa kinachosukuma kiasi fulani cha kiowevu. Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1650, aliivuta kamba hiyo zaidi akadai kwamba mwili wote wa mnyama ni mashine, tofauti yake na saa ya ukutani ikiwa ni wingi na udogo wa vipuri vyake.

Tusiidharau sitiari hii. Kila mtu aliyewekewa vali ya bandia moyoni ana deni kwake. Lakini kila sitiari huonyesha upande mmoja na kuuficha mwingine, na uliofichwa hapa ulibainishwa vyema na Immanuel Kant mwaka 1790. Saa, alisema Kant, ina sehemu zinazosukumana, lakini sehemu moja haiizai nyingine. Saa haijazi pengo la gurudumu lililopotea, haijirekebishi inapoharibika, wala haizai saa nyingine. Aliyeiunda yuko nje yake. Katika kiumbe hai, kinyume chake, sehemu zote hufanyana na kutegemeana, kana kwamba fundi yumo ndani ya kazi yake mwenyewe.

Nadhani fundi wa Kawangware angelikubali hili bila ya kumsoma Kant. Kioo cha simu kikipasuka, hakitaota kingine hata simu ikae mwaka mzima kwenye kabati. Kidole cha fundi kikikatwa na bati, kitaoshwa na kufungwa kitambaa, lakini si kitambaa kinachoziunganisha nyama. Kiswahili kimelihifadhi jambo hili katika mnyambuliko wa vitenzi. Twasema simu imetengenezwa na gari limerekebishwa. Hizo ni kauli za kutendwa, na kila kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda, awe ametajwa au hakutajwa. Ila twasema mgonjwa amepona na kidonda kimepona. Kupona si kutendwa. Anayepona ndiye mwenye tendo, na daktari ni msaidizi. Kauli ya kuponya ipo, bila shaka, lakini imejengwa juu ya kupona kwa kuongezewa usababishi, wala si kinyume chake. Fundi akikwambia kwamba simu yako imepona, mtacheka nyote wawili, na kicheko hicho ni ushahidi kwamba mpaka upo, na kwamba mmeuvuka mkijua.

Miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Kant, Aristotle alikuwa ameueleza mpaka huo kwa mfano wa kitanda. Kitanda cha mbao kikizikwa ardhini na mbao zake zikachipua, kitakachoota ni mti, si kitanda. Umbo la kitanda limetiwa na seremala, lakini umbo la mti hutoka mtini mwenyewe. Aliyewahi kusimamisha nguzo mbichi za ua akaziona zikitoa majani baada ya mvua haulizi Aristotle alitaka kusema nini.

Kiumbe, mti na mtambo katika ngeli

Ingekuwa rahisi kudai kwamba ngeli zetu zimeuchora mpaka huu barabara, viumbe hai upande huu na vitu upande ule. Hazikufanya hivyo. Mti ni kiumbe hai, lakini umo katika ngeli ya U-I pamoja na mkate, msumari na, cha ajabu, mtambo wenyewe. Mti umeanguka, mtambo umeanguka. Miti imeanguka, mitambo imeanguka. Upande wa pili, ngeli ya A-WA imewapokea malaika, shetani na jini, ambao mwanabiolojia hawezi kuwaweka chini ya hadubini yake. Mpaka wa A-WA, basi, si mpaka wa uhai. Unaelekea zaidi kuwa mpaka wa wale wanaojiendea na kujitakia, kwa mwili au kwa roho.

Neno kiumbe lenyewe lina mafunzo. Kwa umbo ni la KI-VI, lakini kwa upatanisho huvutwa na A-WA, kiumbe huyu, viumbe hawa. Limetokana na kuumba, tendo la Muumba na vilevile la mfinyanzi anayeumba chungu. Kwa maneno mengine, neno letu la kutaja kinachoishi lina maana ya "kilichoundwa". Mzungumzaji wa asili hakuona ukinzani kati ya kuundwa na kuishi. Alichotofautisha ni nani aliyeunda. Neno mtambo nalo halikuanza na viwanda. Zamani lilitumika kwa kifyatulio cha mtego na cha bunduki, na kwa vyuma vinavyoiendesha saa kwa ndani, yaani kitu kilichotegwa na mtu mapema ili kifanye kazi wakati yeye hayupo. Sijui kama kuna fasili ya mashine iliyo nzuri kuliko hiyo.

Sielekei kwenye ile nadharia inayohusishwa na Sapir na Whorf katika sura yake kali, kwamba mtu hawezi kuwaza ila yale ambayo sarufi yake inamruhusu. Mkulima anajua kwamba mhindi ni hai ingawa hausemi "mhindi huyu". Ninachodai ni kidogo zaidi: pale ambapo maarifa mapya yanaingia, sarufi humlazimisha mwandishi achague, na uchaguzi huo hauwi bila athari. Tazama jinsi tunavyosuasua. Waandishi wengine huandika bakteria hawa, wengine bakteria hizi. Virusi vya UKIMWI, na baadaye virusi vya korona mwaka 2020, vilipewa upatanisho wa KI-VI, pengine kwa sababu tu neno lenyewe linaanza na sauti vi-. Ni bahati iliyoje kwamba wanabiolojia nao hawajaafikiana kama virusi ni hai.

Hamira

Kabla ya kuingia Kibera, na tutulie kidogo kwenye karai la mandazi. Alfajiri huko Kawangware wauzaji huumua unga kwa njia mbili. Wako watumiao hamira, na wako watumiao ule unga wa dukani uitwao bekingi pauda, ambao ni mchanganyiko wa bikaboneti na asidi kavu. Kwa macho ya mnunuzi matokeo yanakaribiana, kwani donge limeumuka na andazi limefura. Gesi inayolifurisha ni ileile, kaboni dioksidi. Lakini katika bekingi pauda gesi hutokana na chumvi na asidi zinazokutana ndani ya unyevu na joto, ilhali katika hamira hutokana na viumbe wadogo wanaokula sukari.

Je, kuchacha ni kazi ya uhai au ni kazi ya kemia? Swali hili liliwagombanisha wanasayansi wakubwa wa karne ya 19. Justus von Liebig wa Ujerumani alishikilia kwamba ni mvunjiko wa kikemia, usiohitaji kiumbe. Louis Pasteur wa Ufaransa, kuanzia mwaka 1857, alionyesha kwamba hakuna uchachukaji bila viumbe hai wanaoishi na kuongezeka humo. Pasteur alionekana kushinda. Kisha mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga hamira, akaikamua, akaupata utomvu usio na chembe hai hata moja, na utomvu huo ukaendelea kuichachusha sukari. Liebig na Pasteur walikuwa wamekwisha kufariki wote wawili. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907.

Nani alikuwa na haki? Vitabu vingi vya shule husimulia kisa hiki kama ushindi wa kemia juu ya wale walioamini kuwa uhai una nguvu yake ya pekee. Naona huko ni kukimbia. Buchner alionyesha kwamba kazi yaweza kuendelea baada ya mfanyakazi kufa. Hakuonyesha kwamba kifaa cha kazi hiyo kingeweza kupatikana bila mfanyakazi. Utomvu wake ulitoka katika hamira, nayo hamira ilitoka katika hamira nyingine. Kifaa chenyewe Kiswahili kimekiita kimeng'enya, kutokana na kumeng'enya, kazi ya tumbo. Ni istilahi nzuri, kwa kuwa haikisahau kiumbe hata inapotaja kemikali.

Mama wa mandazi, kwa upande wake, haihitaji historia hii ili ajue tofauti. Hamira huitaka kuwekwa mahali penye joto na kusubiriwa. Katika baridi ya Julai huchelewa, na maji ya moto mno huiua. Hamira iliyokufa haina fundi, hutupwa, na nyingine hutafutwa. Bekingi pauda haisubiriwi wala haibembelezwi. Mikono yake imekwisha kujua kilicho hai na kisicho hai, na huvitendea hivyo.

Tumbo la Katwekera

Kibera, jina linalotokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, ni makao ya watu wengi waliojengewa vyoo vichache. Kwa miaka mingi magazeti yameandika juu ya mifuko ya plastiki inayotumiwa usiku na kurushwa kwenye mitaro na mapaa, kwa kuwa choo kiko mbali, kinalipiwa, na usiku si salama kwa mwanamke kutoka nje. Tatizo hili limejibiwa kwa njia kadhaa, na mbili kati yake zafaa kuwekwa bega kwa bega, kwani zinasimama juu ya mawazo mawili kinyume kuhusu uhai.

Ya kwanza ni mfuko uitwao Peepoo, uliobuniwa Uswidi na kuanza kutumiwa Silanga, Kibera, kuanzia mwaka 2010 hivi. Ndani yake mlitiwa urea. Urea ikikutana na kinyesi hugeuka kuwa amonia, na amonia huviua vijidudu vya maradhi katika muda wa wiki chache, hata kinyesi kikafaa kuwa mbolea. Wazo lake ni kwamba kilichomo ni adui, na adui huuawa.

Kwa mwanafunzi wa falsafa ya sayansi, urea si kemikali ya kupita hivihivi. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler wa Ujerumani aliipata urea maabarani kutokana na chumvi zisizo na asili ya uhai, wakati ambapo wengi waliamini kwamba kitu kitokacho katika mkojo hakiwezi kuundwa bila figo. Tangu hapo urea imekuwa mfano unaotajwa kila mara kuthibitisha kwamba ukuta kati ya kemia ya viumbe na kemia ya vitu ulikuwa na tundu. Basi katika Silanga kitu kilekile kilichoanza kuubomoa ukuta huo kiliwekwa mfukoni kupambana na uhai. Na bado kuna kejeli nyingine ndani yake: urea haigeuki kuwa amonia kwa haraka yenyewe. Inageuzwa na kimeng'enya kinachotoka kwa bakteria waliomo mumo humo kinyesini. Wao wenyewe huutengeneza moshi unaowaua.

Njia ya pili ni vituo vya biogesi, kikiwemo kile cha Katwekera kilichojengwa na wakazi pamoja na shirika la Umande Trust. Chini ya ardhi kuna kuba la saruji. Juu yake kuna vyoo na mabafu, na juu zaidi vyumba vinavyoweza kukodishwa kwa mikutano na biashara. Kinachoshuka chooni huingia ndani ya kuba lisilo na hewa, na gesi inayotokea humo hupanda kwa bomba hadi jikoni, ambako wakazi hupikia. Hapa wazo ni jingine kabisa: kilichomo ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulishwa.

Ni vyema tueleze kazi yenyewe, maana uzito wa hoja umo humo. Kundi la kwanza la bakteria huvunjavunja mafuta, protini na wanga. Kundi jingine hugeuza vipande hivyo kuwa asidi na gesi nyepesi. Kundi la mwisho, ambalo kisayansi si bakteria bali ni jamii nyingine ya viumbe wa kale wa chembe moja, hutumia mazao ya wenziwao kutoa methani, gesi iwakayo. Hili la mwisho ndilo dhaifu. Oksijeni huliua. Baridi hulipunguza kasi. Hupenda joto la karibu nyuzi 35, ilhali udongo wa Nairobi uko chini sana ya hapo. Kuba likilishwa kwa pupa kupita kiasi, watengeneza asidi huwatangulia watengeneza methani, tungi lote likashikwa na kitu ambacho, tungelikuwa tunazungumzia mtu, tungekiita kiungulia, na gesi ikakatika.

Sasa tuchukue kituo chochote cha namna hiyo ambacho gesi yake imekatika. Aliyefundishwa kwamba kile ni mtambo atamwita fundi. Fundi atakagua vali, bomba na nyufa za saruji, na wakati mwingine huko ndiko tatizo liliko. Lakini mabomba yakiwa mazima, fundi hana swali jingine la kuuliza, na jengo litatangazwa kuwa limeharibika. Aliyefundishwa kwamba mle chini mna viumbe angeuliza maswali ya mchungaji: Kimekula nini wiki hii? Kimekunywa maji mengi kupita kiasi kutoka mabafuni? Ni nani aliyemwaga ndoo ya dawa ya kuua viini alipokuwa akiosha vyoo? Maana hapo ndipo mkanganyiko ulipo: mwoshaji mwenye bidii, anayetii kila bango la afya, aweza kuiua kazi ya kuba kwa usafi wake. Hakuna kipuri cha kununua Barabara ya Kirinyaga kitakachoirudisha. Itabidi iletwe samadi ya ng'ombe au uchafu wa kuba jingine lililo hai, kisha ingojewe kwa wiki kadhaa, kama hamira ingojewavyo. Hiyo ndiyo hoja ya Kant ya mwaka 1790 ikiwa imefukiwa chini ya saruji: saa haizai saa, lakini kuba hili huanzishwa kwa kuba jingine.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na lina hatari kubwa zaidi. Kwa kuwa kuba humeng'enya, watu huelekea kuamini kwamba humeng'enya kila kitu na kutoa kitu safi. Sivyo. Katika joto la kawaida la Nairobi, rojo linalotoka huwa limepunguziwa vijidudu vya maradhi, halikutakaswa; mayai ya minyoo hasa ni sugu. Katika mtaa huu jambo hilo si la kinadharia. Utafiti wa KEMRI na CDC uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta, katika eneo la Kibera ambalo Katwekera imo ndani yake, visa 247 vya homa ya matumbo kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, dhidi ya visa 29 katika eneo la mashambani la Lwak, magharibi mwa Kenya. Waliougua zaidi huko Kibera walikuwa watoto. Anayeliona kuba kama mashine ya kusafisha ataliachilia rojo liingie mtaroni. Anayeliona kama tumbo anajua ni kitu gani hutoka tumboni.

Georges Canguilhem, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyekuwa pia daktari, alilipindua swali la Descartes katika insha aliyoichapisha mwaka 1952. Badala ya kuueleza uhai kwa mashine, alishauri, tuieleze mashine kwa uhai. Zana ni kiungo ambacho kiumbe amekirefusha nje ya mwili wake. Mbele ya kuba la Katwekera maneno hayo hayasikiki tena kama fumbo. Lile ni tumbo la jirani zote lililowekwa nje, likaendelea na kazi pale utumbo wa kila mmoja ulipoishia. Katika mitaa iliyounganishwa na mfereji mkuu wa maji taka, mkazi hubonyeza kitufe na habari ikaishia hapo; jiji limempa ruhusa ya kuuona mwili wake kama mashine yenye bomba la kutolea. Mkazi wa Kibera hakupewa ruhusa hiyo. Amelazimika kuutunza uhai ambao mwenzake wa Kilimani hahitaji hata kujua kwamba upo, naye huyatoa malipo ya choo mfukoni mwake. Tunapousifu ubunifu wa Kibera, kama ilivyo desturi ya makongamano, si vibaya tukumbuke kwamba sehemu ya sifa hiyo ni bomba ambalo halikuletwa.

Kuhusu istilahi

Katika Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi wetu hufika chuo kikuu bila ya kuwahi kuandika ukurasa mmoja wa biolojia kwa Kiswahili. Wenzetu wa Tanzania wametutangulia. Hata neno usanisinuru, lililoundwa kwa usanisi na nuru, humfanya jani kuwa fundi anayefanya kazi kwa mwanga, na mwanafunzi akilielewa neno amekwisha kuelewa nusu ya somo. Kwa habari ya kuba la biogesi, istilahi iliyozoeleka ni mtambo wa biogesi. Siipingi kwa kutaja saruji, bomba na vali, ambavyo kwa hakika ni mtambo na vinamhitaji fundi. Ila kwa kile kilichomo ndani ningependekeza tutumie msamiati wa mmeng'enyo bila haya: kuba hulishwa, humeng'enya, huvimbiwa, hupata asidi, hufa na huanzishwa upya kwa mbegu. Na katika vijitabu vya kuwaelekeza walinzi na waoshaji wa vituo hivi, ningeandika bakteria hawa, kwa upatanisho wa A-WA. Mwalimu wa sarufi aweza kudai kwamba neno la kigeni lisilobadilika umbo lingekaa vyema zaidi katika I-ZI, na hoja yake ina nguvu darasani. Lakini mwoshaji akisoma kwamba dawa ile itaziharibu bakteria, atadhani ameambiwa habari za kifaa. Akisoma kwamba dawa ile itawaua, ataiweka ndoo chini kwanza.